Raia wa Dunia ni Mdeni

Masomo: Yeremia 28 na 29, Matendo 16 na 22, Warumi 1:14-15, Wafilipi 1:27 na 3:20, Luka 10:25-37

Wapendwa wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo, Yesu Kristo naye alibebwa usiku kwenda Misri akiwa mtoto mdogo, kwa sababu mfalme wa kwao alitaka kumwua.

Mwezi uliopita, baada ya mafundisho ya vijana, kijana mmoja wa kwaya aliniuliza: "Pasta, kwenye semina tumeambiwa tuwe raia wa dunia. Mtu ambaye hata nchi moja hana, atakuwaje raia wa dunia nzima?" Wenzake wakacheka. Mwingine akamjibu: "Raia wa dunia ni yule mwenye pasipoti inayofungua mipaka yote. Wewe una karatasi ya familia tu." Wakacheka tena. Lakini swali lile si la kucheka, na naamini wako wazazi wengi wanaojiuliza vivyo hivyo moyoni ila hawasemi. Niliahidi kujibu kwa maandishi ili jibu lifike katika kila nyumba.

Aliyesema kwanza alikuwa amefukuzwa kwao

Neno hili "raia wa dunia" ni la zamani sana. Husimuliwa kwamba mtu wa kwanza kujiita hivyo ni Mgiriki aitwaye Diogenes, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Alizaliwa Sinope, mji ulio kando ya Bahari Nyeusi, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alifukuzwa kutoka mji wake kwa sababu ya kesi ya fedha, akaishia Athene. Alipoulizwa ametoka mji gani, alijibu kwamba yeye ni raia wa ulimwengu.

Ndugu msomaji, tazama jambo hili. Maneno haya hayakutoka kwanza katika kinywa cha mfalme wala mfanyabiashara mwenye meli nyingi. Yalitoka kwa mtu aliyefukuzwa kwao. Kwa hiyo tusione haya tunapoyasikia, kana kwamba ni ya wengine tu.

Lakini Diogenes alimaanisha nini? Alimaanisha kwamba hakuna mji unaomdai. Hakuwa na nyumba wala kazi, na desturi za watu hakuzijali. Kusema "mimi ni wa dunia yote" kwake ilikuwa njia ya kusema "hakuna mtu mwenye haki ya kuniuliza kitu."

Sasa mtazame Paulo. Naye alitembea nchi nyingi, alilala katika nyumba za watu, alifukuzwa katika miji zaidi ya mmoja. Lakini katika Warumi 1:14 anajitaja kuwa mdeni. Anadaiwa na Mgiriki, anadaiwa na yule ambaye Wagiriki walimwita mshenzi. Anadaiwa na msomi na asiyesoma. Watu wale wa Roma alikuwa hajawaona bado, wala hawakuwa wamemkopesha hata senti moja. Deni lake lilitoka kwa Kristo: alichopewa bure alipewa kwa ajili ya kila mtu.

Hapo ndipo njia mbili zinapoachana. Kuna uraia wa dunia wa mtu asiyedaiwa na yeyote, na kuna uraia wa dunia wa mtu anayedaiwa na kila jirani. Ule wa kwanza unawezekana hata bila Mungu. Huu wa pili ndio wetu. Na huu hauhitaji pasipoti.

1. Karatasi ni kitu chema

Nisieleweke vibaya. Wako watumishi wanaohubiri kwamba kwa kuwa sisi ni wa mbinguni, mambo ya vitambulisho ni ya mwili. Hayo si mafundisho ya Biblia. Katika Matendo 22 askari wanamfunga Paulo kwa kamba tayari kumpiga mijeledi, naye anawauliza kama sheria inawaruhusu kumpiga raia wa Roma kabla ya hukumu. Mkuu wao anaogopa. Yeye mwenyewe uraia wake aliununua kwa fedha nyingi. Paulo alizaliwa nao. Na kabla ya hapo, kule Filipi (Matendo 16), Paulo na Sila walipigwa hadharani na kufungwa bila kesi. Asubuhi mahakimu wakataka kuwaachilia kimya kimya. Paulo akakataa. Akataka mahakimu waje wenyewe kuwatoa. Hakumtukana mtu, alidai haki yake kwa njia ya sheria, na kanisa changa la Filipi likapata heshima mbele ya mji.

Basi kuwa mdeni si kuwa mtumwa. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema katika kifungu cha 15 kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na uraia. Kwa hiyo siku ya kuhakiki majina ya familia, nenda. Mtoto akizaliwa, mwandikishe mapema, usingoje mpaka aanze shule. Mtoto asiyeandikwa popote atateseka baada ya wewe kuondoka duniani.

Lakini karatasi haimfanyi mtu kuwa mwema. Mahakimu wa Filipi walikuwa na karatasi zote. Mji ule ulikuwa koloni la Roma. Baada ya vita vilivyopiganwa karibu na hapo mwaka 42 kabla ya Kristo, askari wastaafu wa Kirumi walipewa mashamba, na mji ukahesabiwa kuwa wa Kirumi ingawa uko Makedonia, mbali na Roma. Watu wa Filipi walijivunia sana jambo hilo. Katika Matendo 16:21 wanamshitaki Paulo kwa kusema kwamba wao ni Warumi na hawawezi kupokea desturi za wageni.

Kwa watu wa mji huo huo Paulo anaandika Wafilipi 3:20, akiwakumbusha kwamba mji wao wa kweli uko mbinguni. Na katika 1:27 anatumia neno la Kiyunani *politeuesthe*, ambalo chuoni tulifundishwa kwamba maana yake ni "muishi kama raia." Anawataka waishi kiraia, kwa namna inayoiheshimu Injili. Hakuwaambia kwamba raia wa mbinguni akae akitazama juu. Kama vile Mrumi wa Filipi alivyotakiwa kuleta desturi za Roma mahali alipokaa, Mkristo analeta desturi za mbinguni mahali alipowekwa, hata kama ni kiwanja chenye nyumba ya udongo na turubai juu yake.

2. Barua kwa watu wanaongoja

Mwaka 597 kabla ya Kristo mfalme wa Babeli alichukua mateka kutoka Yerusalemu: mfalme kijana Yekonia, mafundi, wahunzi na watu wengi wa mji. Walipofika kule walikuwa na swali moja tu: tutarudi lini?

Akatokea nabii mmoja, Hanania (Yeremia 28), akatangaza kwamba katika miaka miwili kila kitu kitarudi kama zamani. Watu walipenda mahubiri yake. Nani asingependa? Ndipo Yeremia akaandika barua ambayo tunaisoma katika sura ya 29. Jengeni nyumba mkae ndani yake. Pandeni bustani mle matunda yake. Waozeni watoto wenu. Utafuteni ustawi wa mji mlikopelekwa, mkauombee, kwa maana mji ukipata amani na ninyi mtapata amani. Kurudi kupo, aliandika, lakini baada ya miaka 70.

Akina Hanania hawajaisha. Mmoja huja jioni na daftari, anasema anamjua mtu ofisini, toa fedha kidogo faili lako lipande juu. Wapendwa, kuandikishwa na kufanyiwa mahojiano ya kuhamia nchi ya tatu hakuuzwi. Umoja wa Mataifa umelisema hilo mara nyingi: huduma zao ni bure. Anayekuomba fedha anakula mbuzi wako, na wewe utabaki na namba ya simu isiyopatikana.

Hanania mwingine hukaa ndani yetu. Ni ile sauti inayosema: usipande mti, utaondoka; usirekebishe choo, utaondoka; usijifunze lugha ya hapa, utaondoka. Wengine wameambiwa hivyo na mioyo yao kwa miaka kumi na mitano, na choo bado kimebomoka.

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa nchi yake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Katika kambi nyingi ziko familia zilizokuwa zimekwisha kuuza mbuzi, kugawa masufuria na kuwaaga majirani. Hapa kwetu pia tulilia pamoja nao. Sitasema maneno mepesi juu ya maumivu hayo. Mtu aliyefunga mzigo kisha akaufungua tena amefiwa, ingawa hakuna maiti.

Lakini barua ya Yeremia iliandikwa kwa watu wa namna hiyo hasa. Haikuwaambia wasahau Yerusalemu. Iliwaambia wasiahirishe maisha. Ukiitwa kesho, nenda na baraka za Bwana. Usipoitwa, leo bado ni siku iliyofanywa na Mungu, na mji uliopo unakudai leo. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakumpa jembe kwa kumchukia. Kumpa jembe ni kumwambia: sasa wewe ni mwenzetu.

3. Wazungu waliokuwa wakimbizi Uganda

Vijana wengi hudhani kwamba ukimbizi ni jambo la Mwafrika, na kwamba Mzungu ndiye anayesaidia siku zote. Hebu niwaonyeshe jambo lililotokea katika nchi hii hii.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1940 na 1941, mamia ya maelfu ya watu wa Poland walitolewa makwao na serikali ya Kisovieti wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa kwa baridi na njaa. Waliofunguliwa baadaye walitoka kupitia Iran, na mwaka 1942 maelfu yao walianza kuletwa Afrika Mashariki. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Tanganyika kulikuwa na kambi kubwa Tengeru, karibu na Arusha. Hapa Uganda walikaa Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya, wilaya ya Masindi, karibu na msitu wa Budongo.

Fikirini akina mama wale. Hawakujua lugha, hawakujua malaria, waume wao walikuwa vitani au wamekufa. Hawakujua watakaa mwezi mmoja au miaka kumi. Walijenga shule kwa ajili ya watoto. Walilima. Na pale Nyabyeya walijenga kanisa, kanisa la kudumu. Vita vikaisha mwaka 1945, lakini wengi hawakuweza kurudi kwao, kwa sababu nchi yao iliangukia chini ya utawala uleule waliokuwa wameukimbia. Katika miaka iliyofuata walitawanyika: Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Waliokufa walizikwa hapa.

Kanisa lile bado lipo. Waganda wanasali ndani yake hadi leo. Wale waliolijenga hawakuwa raia wa Uganda, wala hawakupata mashamba hapa. Lakini walilipa deni, na sasa watoto wa watu wengine wanabatizwa ndani ya kuta walizosimamisha.

Najiuliza: tukiondoka Nakivale, ni kitu gani tulichokifanya kitabaki kikiwahudumia watu?

4. Deni kwa wenyeji

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wa kwanza wakiwa Wanyarwanda. Leo Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi 1,700,000, wengi kuliko nchi nyingine ya Afrika. Sheria yake ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na katika makazi kama yetu familia hupewa kiwanja na ardhi ya kulima. Wenzetu walio katika nchi nyingine wanajua kwamba si kila mahali pako hivyo.

Tena tusidhani kwamba sisi tu ndio tunaopokelewa. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbia wakavuka mpaka kwenda Sudan na Zaire, nchi yetu, kama ilivyoitwa wakati ule. Wazee wa upande wa Aru wanawakumbuka. Walikula mihogo ya mababu zetu. Leo sisi tunakula mihogo yao. Ndivyo Mungu anavyozungusha mikate duniani ili asiwepo taifa la kusema "sisi hatujawahi kubisha hodi." Ndiyo maana katika Walawi 19:33-34 aliwaamuru Waisraeli wampende mgeni kama nafsi zao, akiwakumbusha kuwa wao walikuwa wageni Misri.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao tunautaja kila tunapodai haki, unasema katika kifungu cha 2 kwamba kila mkimbizi ana wajibu kwa nchi aliyomo, hasa kutii sheria zake. Haki na wajibu vimeandikwa katika karatasi moja. Tusisome upande mmoja tu.

Hebu tuseme mambo ya kweli. Mwenyeji wetu Mnyankole anaona milima ambayo alichungia ng'ombe akiwa mtoto, na sasa miti imekwisha. Sisi tunaona ng'ombe wameingia katika mahindi tuliyoyalima kwa mgongo uliovunjika. Wote wana uchungu. Mkristo afanye nini? Ng'ombe akiingia shambani, usimkate kwa panga. Mwite mwenyekiti, mpime hasara, mzungumze. Ukikata kuni, panda. Ziwani usivue samaki wachanga kwa nyavu za macho madogo, kwa maana samaki huyo ni chakula cha mtoto wa mwakani, awe wa kwako au wa mwenyeji. Na jifunze kumsalimu jirani kwa Kinyankole. Salamu ni deni dogo kuliko yote, na wengi tumeshindwa kulilipa.

5. Deni kwa yule tuliyemkimbia

Hili ndilo gumu, na nitalisema kwa upole lakini sitalificha.

Katika makazi haya wanaishi Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, Wasomali na wengine. Hata sisi Wakongo hatuko wamoja. Kuna Mfulero na Mnyamulenge, kuna Mbembe, Mhunde, Mnande, Mshi. Tulivuka mpaka tukiacha nyumba na ng'ombe, lakini kuna mzigo ambao wengi hatukuuacha. Ukimsikia mtu akisema "wale" kwa sauti fulani, unajua mzigo umefika salama.

Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23, na mwezi uliofuata Bukavu. Wakimbizi wapya waliendelea kuvuka kuingia Uganda, na wengine wakapitia Nyakabande kabla ya kuletwa katika makazi kama haya. Wanafika na mtoto mgongoni na dumu moja. Wakati huohuo chakula kimepungua. Mgao ulipunguzwa mwaka 2023, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa kabisa katika orodha kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zimepungua. Kwa hiyo mgeni anapofika, swali la kwanza katika mioyo ya watu ni "atakula sehemu ya nani?" na la pili ni "ni kabila gani?"

Katika Luka 10 mwanasheria alitaka Yesu amchoree mpaka: jirani yangu ni nani, anaanzia wapi na anaishia wapi? Yesu hakuchora mpaka. Alimleta Msamaria, mtu wa kabila ambalo wasikilizaji walilidharau, akiwa safarini katika nchi isiyo yake. Yule Msamaria hakuuliza majeruhi amesajiliwa wapi. Alitoa mafuta, divai, punda wake na dinari mbili, kisha akamwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba gharama ikizidi, yeye atalipa akirudi. Mwaona? Alijiandikisha mwenyewe kuwa mdeni, kwa ajili ya mtu asiyemjua. Huyo ndiye raia wa dunia.

Mtu atasema: "Pasta, mimi mwenyewe sina unga. Nitalipaje deni?" Soma 2 Wakorintho 8:1-5. Makanisa ya Makedonia, na Filipi ni mmojawapo wa miji yake, yalikuwa katika dhiki na umaskini mkubwa. Hata hivyo yaliomba yenyewe yaruhusiwe kuchangia maskini wa Yerusalemu, watu wa kabila lingine, ng'ambo ya bahari, ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona. Paulo hakuwalazimisha. Walijitoa kwanza wao wenyewe, kisha wakatoa walichokuwa nacho. Hakuna mtu maskini kiasi cha kushindwa kumwonyesha mgeni kisima kilipo, au kumsaidia kusimamisha nguzo kabla mvua haijanyesha, au kumwazima jembe siku moja.

Na wewe uliyeumizwa na watu wa kabila fulani, sikuambii kwamba hukuumizwa. Haki ipo, na Mungu si kipofu. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa hakuchoma nyumba yako. Usimwandikie deni ambalo hakukopa.

6. Je, nisahau kwetu?

Hapana. Wako wanaodhani raia wa dunia ni mtu asiye na kabila, asiye na lugha, anayeongea Kiingereza tu na kucheka desturi za babu yake. Yohana katika Ufunuo 7:9 aliona umati mbele ya kiti cha enzi, na bado aliweza kuwatambua kuwa wa mataifa, makabila na lugha mbalimbali. Mbinguni lugha ya mama yako haijafutwa! Basi mfundishe mtoto Kifulero, Kibembe, Kirundi. Mwambie jina la mto wa kijiji chenu na jina la babu yake. Yeremia alipowaambia mateka wajenge Babeli, aliwaambia pia kwamba Mungu hajalisahau agano lake la kuwarudisha.

Ombea Kongo kila siku. Siku amani itakapopatikana, nchi itahitaji watu waliojifunza kuishi na jirani wa lugha nyingine bila kushika panga. Huenda shule ya jambo hilo ni hapa hapa, penye bomba moja na foleni ndefu ya madumu. Mtoto aliyejifunza kungoja zamu nyuma ya Msomali na mbele ya Mrundi amejifunza jambo ambalo viongozi wengi wenye pasipoti za kidiplomasia hawajalijua.

Mambo ya kufanya mwezi huu

Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Basi tusiishie kusema "Amina."

Kwanza, kila nyumba ipande miti mitatu mvua zikianza, na mmoja wa hiyo upandwe mahali ambapo mwenyeji pia atapata kivuli au kuni. Pili, kila kikundi cha nyumbani kichague familia moja iliyofika karibuni, hasa ya kabila ambalo halimo katika kikundi hicho, na kuitembelea. Msiende kuwahubiria siku ya kwanza. Nendeni na maji na mikono. Tatu, kila mtumiaji wa bomba atoe mchango wake kwa kamati ya maji, na kamati isome hesabu mbele ya watu wote. Nne, katika maombi ya Jumapili tutaiombea Uganda na viongozi wake, wilaya ya Isingiro na majirani zetu, kabla ya kuomba safari zetu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Soma Yeremia 29:4-7. Ni jambo gani umekuwa ukiliahirisha kwa kusema "nitaondoka"? Unaweza kulianza wiki hii?

2. Diogenes alisema ni wa dunia yote ili asidaiwe. Paulo alidaiwa na wote. Watoto wako wakikuangalia, wanaona uraia upi?

3. Kuna kabila au taifa hapa kambini ambalo hujawahi kuingia katika nyumba yao hata moja? Kwa nini?

Tuombe: Ee Baba, wewe uliyewafanya watu wote kutoka damu moja na kuwawekea nyakati na mahali pa kukaa, tunakushukuru kwa nchi iliyotupokea. Wafariji waliofunguliwa mizigo baada ya kuifunga. Walinde walio njiani usiku huu wakivuka mipaka na watoto. Lipatie taifa letu amani ya kweli. Utufungulie mikono tulipe deni letu, kwa mwenyeji na kwa mgeni, kwa tunayempenda na kwa yule tuliyemkimbia. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Wenu katika shamba la Bwana,
Mchungaji